Lifti bila umeme, penye baridi kali

Mimi ni fundi wa lifti, na nikiulizwa kama lifti inaweza kuendeshwa bila umeme wala injini, hujibu kwamba inawezekana kabisa. Siri yake ni kupunguza mzigo kabla ya kutafuta nguvu. Tuseme kibanda kina kilo 300 na abiria wake wana kilo 300. Upande wa pili wa kapi ning'iniza uzito wa kilo 450. Kibanda kikijaa, kinachobaki kuinuliwa ni kilo 150 tu. Kupanda mita 20 kunadai takriban kilojuli 30, ukiacha msuguano. Farasi anayezungusha mhimili kwa wati 500 huimaliza safari kwa dakika moja. Mtu anayetembea ndani ya gurudumu, kwa wati 75, atachukua kama sita na nusu.

Baridi haibadilishi hesabu hiyo. Inachoharibu ni maji, mafuta na kamba.

Nguvu nyingine ni maji. Gurudumu la maji lenye safu mbili za ndoo, ili ligeuke pande zote mbili, Georgius Agricola, mtaalamu wa madini wa Ujerumani, alikwisha kulieleza katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1556. Lakini barafu ikishika upande mmoja, gurudumu huelemewa na kukwama. Kwenye migodi ya Harz, Ujerumani, magurudumu mengi yaliwekwa katika vyumba vya chini ya ardhi, ambako baridi ya nje haifiki. Maji nayo yatolewe chini ya bwawa: barafu huelea, na ya chini kabisa hubaki karibu nyuzijoto 4 za Selsiasi. Kujaza maji kwenye tangi la juu ili lishuke na kuinua kibanda kwa uzito wake, kama inavyofanya reli ya mlimani ya Bom Jesus huko Braga, Ureno, tangu 1882, nisingethubutu. Maji yanayomwagika yangeganda relini.

Kwa hiyo ningechagua farasi, chini ya paa. Shahamu ya kulainishia huwa ngumu kwenye baridi, afadhali mafuta ya samaki.

Kamba ndiyo inayonitia hofu. Ya nyuzi za mimea ikilowa kisha ikaganda, hukakamaa, na ikilazimishwa kupinda kwenye kapi nyuzi hukatika ndani huku nje inaonekana nzima. Ikaushe, kisha fumbua misokoto yake kwa kijiti chenye ncha utazame katikati. Ukikuta vumbi la nyuzi zilizosagika, usipandishe mtu kwa kamba hiyo tena. Kapi liwe na kipenyo kikubwa, na kamba isinyeshewe kamwe.

Breki ya mkono pekee haitoshi. Weka gurudumu la meno lenye kizuizi cha chuma kinachoanguka chenyewe, na kila asubuhi sugua barafu kwenye meno hayo, kwa sababu kizuizi kisichozama vizuri huteleza mzigo ukiwa juu.