Maji ya RO huharibikia kwenye dumu: dhana potofu kuhusu kuhifadhi maji ya akwariamu

Mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia utando laini unaozuia chumvi) ikitoa maji yenye TDS, yaani kipimo cha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, ya 0 hadi 10, wengi huhesabu kazi imekwisha. Kumbe maji yasiyo na kitu ndani yake huyeyusha kwa wepesi masalia ya vitu vingi yanavyogusa. Hapo ndipo chombo kinapokuwa na neno.

"Dumu lolote likioshwa linafaa."
La hasha. Dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia hubaki na masalia kutani, nayo hutanda juu ya maji na kuzuia hewa. Lililobeba dawa ya shamba, mafuta ya gari au sabuni ya maji usiliguse kabisa. Plastiki hunyonya kemikali na kuzirudisha taratibu.

Tafuta plastiki ya kuwekea chakula, yenye namba 2 (HDPE) au 5 (PP) kwenye pembetatu ya kitako. Namba peke yake si cheti, maana hata ndoo ya rangi yaweza kuwa nayo. Osha kwa siki nyeupe na maji, suuza mara 3, jaza maji ya RO, yaache saa 24 kisha pima TDS. Ikiwa imepanda zaidi ya pointi chache, au maji yananuka plastiki, rudia.

Angalia na koki. Ya shaba, au ndoo ya bati lenye zinki, hutoa metali ndani ya maji. Samaki huenda wakavumilia. Kamba na konokono hufa kwa kiasi kidogo sana cha shaba.

"Maji safi hayaoti kitu."
Kichujio cha kaboni kimekwisha kuondoa klorini, kwa hiyo hakuna tena kinachozuia bakteria. Ukipitisha kidole kwenye ukuta wa pipa ukakuta utelezi, ni wao. Funika pipa, liweke kivulini, chota kwa chombo kisichotumika jikoni, na weka akiba ya wiki 1 au 2 tu. Dar es Salaam au Mombasa mfuniko una kazi ya pili: mbu wa dengi hupenda maji yaliyohifadhiwa majumbani. Viluwiluwi ni chakula kizuri cha samaki, ila hiyo si ruhusa ya kufuga mbu sebuleni.

"pH imeshuka, maji yameharibika."
Yamenyonya tu kaboni dioksaidi kutoka hewani, na kwa kuwa hayana KH (ugumu wa kabonati) ya kuizuia pH isishuke, kipimo husoma 5.5 hadi 6. Pima pH baada ya kuongeza madini, si kabla.

"Maji ya betri ni yaleyale."
Dukani chupa ya maji yaliyokenekwa (distilled) na chupa ya asidi ya betri hukaa rafu moja, na watu huziita jina moja. Hata iliyo ya maji haikutayarishwa kwa viumbe. Achana nazo.

"Yakiwa safi, mimina."
Inategemea unamimina kwa sababu gani. Unapofidia maji yaliyovukizwa, tumia maji ya RO matupu: madini na chumvi havivukizwi, hivyo ukiongeza yenye madini kila siku, ugumu utapanda wiki hadi wiki. Unapobadilisha maji, rudisha madini kwanza. Gramu 3 za baking soda katika lita 100 hupandisha KH kwa digrii 1, lakini haziongezi kalsiamu wala magnesi. Hizo zahitaji chumvi za GH, yaani za ugumu wa jumla wa maji. Samaki wa Ziwa Tanganyika, waliozoea pH ya karibu 9, wakitiwa maji matupu huteseka haraka kuliko wa mito yenye maji laini.

Changanya ndani ya pipa, washa pampu ya hewa saa 1 au zaidi, linganisha joto na la tangi, ndipo umimine.

"Lita ya kwanza ni sawa na ya kumi."
Mashine ikikaa bila kufanya kazi, chumvi hupenya polepole kwenye utando wake, na maji ya mwanzo hutoka na TDS ya juu. Lita 1 au 2 za kwanza mwagilia maua.