Programu ya Kudizaini Inakugharimu Kiasi Gani kwa Miaka Mitatu?

Vijana wa steshenari za Mwanjelwa na Kabwe wakija kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa chuoni Mbeya, swali huwa ni lile lile: "Mwalimu, programu ipi ni bei nafuu?" Nikiwauliza wanatumia ipi kwa sasa, wanatazamana, wanacheka kidogo, halafu mmoja anajibu kwa sauti ya chini: "Hii ya kukraki." Yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipa. Nitaifikia hiyo. Kwanza tupige hesabu, kwa sababu bei ya kwenye tovuti ni mwanzo tu wa gharama.

Zamani ulinunua toleo la programu likawa lako. Mwaka 2013 Adobe walitangaza kuwa matoleo yao mapya yatatumika kwa kulipia muda tu, na 2016 Autodesk, wenye Maya ya kutengenezea animesheni, wakaacha kuuza leseni za kudumu. Kwa hiyo leo unalinganisha kodi ya pango, siyo bei ya kiwanja.

Chukua Illustrator ya Adobe, programu ya kuchorea nembo na lebo, peke yake. Kwa bei ya Marekani ninayoitumia hapa, ni dola 22.99 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka mzima. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,600, hiyo ni kama shilingi 59,800. Haitishi, fulana chache tu za kuchapa. Ila kwa mwaka ni dola 275.88, sawa na shilingi 717,000 hivi, na kwa miaka mitatu inavuka milioni 2.1. Ukitaka na After Effects kwa ajili ya animesheni, ni kiasi hicho hicho tena. Bado kodi, bado makato ya kadi, na dola ikipanda unapanda nayo.

Neno la kulisoma mara mbili ni "mkataba wa mwaka, unalipwa kila mwezi". Wengi wanaona "kila mwezi" na kuishia hapo. Utaratibu wa Adobe ni kwamba ukivunja mkataba huo baada ya siku 14 za mwanzo, unadaiwa nusu ya kilichobaki. Ukiacha baada ya miezi minne, imebaki minane, yaani dola 183.92, na nusu yake inakaribia dola 92. Ni kama shilingi 239,000 kwa kitu ambacho hutakitumia tena. Juni 2024 serikali ya Marekani iliipeleka kampuni hiyo mahakamani ikidai kwamba tozo hiyo haikuonyeshwa wazi kwa wateja. Upo mpango wa mwezi mmoja mmoja usio na kifungo hicho, ila bei yake kwa mwezi ni kubwa zaidi.

Haya, kukraki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo, lakini najua hilo halimtishi mtu sana. Kinachotisha ni maelekezo yanayokuja na faili: "zima antivirus kwanza." Yaani unamwomba mlinzi alale ili mgeni usiyemjua aingie. Kijana mmoja aliniletea laptop yake siku ya Alhamisi, kila faili limebadilika jina mwishoni na halifunguki, na kwenye desktop kuna ujumbe wa kudai fedha. Ndani mlikuwa na kadi za harusi tatu, mbili za Jumamosi ile ile. Alikesha akizichora upya kwa kutazama picha alizokuwa amewatumia wateja WhatsApp.

Sasa za bure, ambazo nazo zina gharama zake. Mama mmoja anayefungasha mchele wa Kyela alichorewa lebo kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora: majani ya mpunga ya kijani kibichi, mchoro mzuri kweli. Vifungashio vilipotoka kiwandani kijani kikawa kimefifia kama majani ya Oktoba kabla ya mvua. Mchoraji hakukosea mkono. Inkscape inafanya kazi kwa rangi za skrini, RGB, na mashine ya kuchapa inatumia wino wa aina nne, CMYK. Kijani kikali cha skrini hakipo kwenye wino huo, kwa hiyo mashine inachukua kilicho karibu. Kwa bango la duka au picha ya Instagram hilo halina shida. Kwa mifuko elfu kadhaa ni hasara, nayo ni gharama ya programu hata kama ilipakuliwa bure. Kwa kazi za uchapaji afadhali Scribus, Krita au Affinity, ambazo zinaelewa CMYK, na kabla ya hapo uliza kiwanda kinataka faili la aina gani.

Affinity iliuzwa miaka mingi kwa malipo ya mara moja. Mwaka 2024 Canva wakainunua, na Oktoba 2025 wakaifanya ya bure kwa mwenye akaunti ya Canva, isipokuwa vipengele vya akili unde vinavyohitaji Canva ya kulipia. Naipendekeza kwa moyo mmoja, lakini tofautisha bure na bure. Hii ni hisani ya kampuni, na kampuni inaweza kubadili mawazo. Blender, programu ya animesheni ya 3D, ni huria tangu 2002, kwa leseni ya GPL inayoruhusu yeyote kuitumia na kuisambaza, na toleo ulilokwisha kupakua hakuna wa kukunyang'anya.

Kwa animesheni, Blender ndiyo jibu langu la kwanza. Maya kamili ni karibu dola 1,900 kwa mwaka, na filamu ya Flow kutoka Latvia iliyochukua Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender. Gharama inahamia kwenye kompyuta na LUKU. Tangazo la sekunde 30 kwa picha 24 kila sekunde ni picha 720. Kila picha ikichukua dakika moja kurenda, yaani kompyuta kuikokotoa hadi ikamilike, hizo ni saa 12. (Baridi ya Uyole mwezi Juni inasaidia feni ya laptop, hilo tunashukuru.) Niliwahi kurenda moja kwa moja kuwa video, umeme ukakatika alfajiri, nikaanza upya. Tangu siku hiyo narenda picha moja moja za PNG, umeme ukirudi naendelea nilipoishia, kisha naziunganisha kwenye DaVinci Resolve ya bure.

Yule kijana wa kadi za harusi leo anatumia Affinity na Blender. Mara moja moja wakala wa Dar es Salaam humtumia faili la After Effects ambalo halifunguki kwingine. Hapo analipia mwezi mmoja usio na mkataba, kisha kwenye ankara, chini ya gharama ya usanifu, anaandika mstari wa pili: "programu, mwezi mmoja." Mteja analipa.