Kukuza Anubiasi Ndani ya Tangi la Samaki

Anubiasi ni mmea wa jamii moja na magimbi, na asili yake ni misitu ya mvua ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, katika nchi kama Nigeria, Kamerun, Gabon na Kongo. Huko huota kwenye kingo za vijito na sehemu za kinamasi, mara nyingi mizizi yake ikiwa imeng'ang'ania jiwe au gogo, na kwa kuwa makao hayo hufurika nyakati za mvua, mmea huu huweza kuishi nchi kavu yenye unyevu na hata ukiwa umezama kabisa. Kwa tangi la nyumbani, aina ndogo iitwayo nana ndiyo inayofaa zaidi.

Kinachoua anubiasi nyingi ni kufukiwa kwenye changarawe kama mche wa bustani. Shina lake nene hutambaa kwa kulala, mfano wa tangawizi, majani yakitoka juu na mizizi chini. Likifukiwa, hulainika, hugeuka rangi ya kahawia na kutoa uvundo, na majani, ingawa bado ni ya kijani, hung'oka yakivutwa kidogo tu. Ukiyaona hayo mapema, kata kwa kisu kikali na safi sehemu yote iliyooza mpaka ufikie shina gumu la kijani, kisha lifunge kwa uzi wa pamba juu ya jiwe au kipande cha mti. Uzi utakapooza, mizizi itakuwa imekwisha kushika.

Wengine huongeza taa wakitarajia mmea ukue haraka. Anubiasi ni mmea wa kivulini na wa polepole kwa maumbile yake, na mwanga mkali huunufaisha mwani, ambao hutanda juu ya majani yanayokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Mwanga hafifu wa saa 6 hadi 8 kwa siku, mbali na jua la dirishani, na maji ya nyuzi 22 hadi 28 za Selsiasi, vinatosha.

Majani yake magumu yana chembe za oksalati zinazowasha mdomo, ndiyo maana samaki wengi huyaacha. Nawa mikono baada ya kuukata. Ukitaka kuuzidisha, gawa shina ili kila kipande kibaki na majani 3 au 4 pamoja na mizizi yake.