Baridi ya Mbeya haiui sola
Uyole hadi Makambako utaambiwa sola ni ya Dodoma, huku kwetu baridi mno. Si kweli hata kidogo. Paneli hutumia mwanga, si joto. Tena joto la paneli likizidi nyuzi 25, nguvu yake hushuka karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Asubuhi ya Juni, jua limewaka na bati bado lina umande, inafanya kazi vizuri.

Adui ni ukungu na mawingu ya msimu wa mvua. Lakini mvua hiyohiyo hujaza mito, ambayo maji yake nayo huzalisha umeme, na kanuni za serikali huruhusu wazalishaji wadogo, hadi megawati 10, kuiuzia umeme TANESCO, shirika la umeme la taifa. Mtambo wa Mwenga, Mufindi, unazalisha megawati 4 za umeme wa maji tangu 2012.