Je, wajua ni kwa nini wakili Mweusi wa Marekani alitetea mali za walowezi wa Kenya?

Januari 1960, wajumbe Waafrika wa Kenya walipokwenda London kujadili katiba mpya kwenye jumba la Lancaster, mshauri wao wa sheria alikuwa Mmarekani. Jina lake Thurgood Marshall, wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi Marekani, yule yule aliyeshinda kesi ya Brown mwaka 1954, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipopiga marufuku kuwatenga watoto Weusi katika shule za umma. Leo anaandika vifungu vya kulinda mashamba ya Wazungu. Ilikuwaje?

Aliyemwita ni Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya ambaye alikuwa na marafiki wengi Marekani. Kabla ya London, Marshall alipitia Kenya. Kiambu, maofisa wa kikoloni wakamzuia kuingia mkutanoni. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliomba walau awaambie watu neno moja tu. Akaruhusiwa, akapaza sauti: “Uhuru!” Umati ukalipuka kwa shangwe.

London nako mambo yalianza kwa mgomo. Waafrika walisusia vikao wakidai Mbiyu Koinange, aliyekuwa uhamishoni, naye akubaliwe kuwa mshauri. Kenyatta bado yuko kizuizini. Na mkutano ukiendelea, tarehe 1 Februari, kule Marekani wanafunzi wanne Weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula iliyotengewa Wazungu katika duka la Woolworth mjini Greensboro, wakanyimwa huduma, wasibanduke.

Kwao Marekani, Weusi ndio wachache, na Marshall alizoea kuitumia katiba kuwakinga wachache hao wasionewe na wengi. Kenya hesabu iligeuka: wachache ni Wazungu wapatao 60,000, pamoja na Waasia. Kwake, kinga iliyomfaa Mweusi wa Mississippi ilimfaa pia Mhindi mwenye duka Nairobi. Siasa nayo ilikuwamo, kwani walowezi walitaka dhamana kabla hawajakubali kutawaliwa na Waafrika.

Katika rasimu yake alichota kutoka Tamko la Haki za Binadamu la 1948 na katiba ya Nigeria. Aliweka elimu, afya na haki za wafanyakazi, mambo ambayo hata katiba ya nchi yake haikuyataja. Kuhusu ardhi, serikali ingeweza kuitwaa kwa manufaa ya umma, ila ilipe fidia, na mwenye mali asiporidhika aende mahakamani. Hapo ndipo ninapoona kasoro. Mlowezi alikuwa na hati mkononi. Familia iliyofukuzwa kwenye shamba la babu yao ingepeleka nini mahakamani?

Rasimu hiyo haikupita ilivyo, ila sura ya haki, pamoja na fidia, ilikuwamo katika katiba ya uhuru ya 1963. Desemba mwaka huo Marshall alialikwa kwenye sherehe za uhuru.

Waliokuja kubanwa ni Waasia. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowalenga wasio raia, wakiwamo Waasia wengi, na mapema 1968 maelfu ya Waasia hao walikuwa wakipanda ndege kwenda Uingereza. Marshall wakati huo alikuwa na miezi michache tu kazini kama jaji wa kwanza Mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani.