Je, wajua kwa nini serikali inakulazimisha kuvaa helmeti wakati kichwa ni chako?

Hapa Busia, upande wa Uganda, ukikaa steji yoyote ya boda asubuhi utaona helmeti ni nyingi tu, shida ni kwamba haziko kwa vichwa. Ziko kwa viwiko, zingine zimening'inia kwa kioo cha pembeni, kuna mmoja nimemuona ameweka nyanya zake ndani. Afu jamaa akikaribia pale trafiki wanaposimama anaivaa haraka kwa mkono mmoja, mkanda wa kidevu hafungi, akishapita tu inarudi kwa kiwiko. Siku moja nikamuuliza kijana aliyekuwa amenibeba, wewe hiyo helmeti unamvalia nani? Akanijibu bila hata kugeuka: "Namvalia afande. Kichwa ni changu mzee, nikifa nimekufa mimi."

Hilo jibu limenikaa sana manake ukilifikiria vizuri si jibu la kijinga. Huyo kijana hajaiba, hajamgonga mtu, anakwenda zake. Sa serikali inaingilia wapi kwenye kichwa cha mtu mzima mwenye akili zake? Ngoja tulifuate hilo swali polepole, na nadhani ni haki tulifuate tukiwa hapa hapa Busia, kwa sababu hata hilo jina boda boda linatoka huku mpakani, zile baiskeli za miaka ya 1960 zilizokuwa zikibeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Kampala waliliiga kwetu.

Kwanza sheria yenyewe ipo na si ya jana. Kuna sheria ya trafiki na usalama barabarani ya 1998, afu zikaja kanuni za pikipiki za 2004 ambazo zinasema dereva avae helmeti, na abiria wake pia. Ndio, wewe abiria pia, wengi hatujui hilo au tunajifanya hatujui.

Pili tujue hiyo kitu inafanya kazi vipi, manake watu wengi wanadhani helmeti inasaidia kwa sababu ni ngumu. Ugumu wa nje kazi yake ni kutawanya ule mshindo usiingie sehemu moja, na kuzuia jiwe au chuma kisipenye. Kinachokuokoa hasa ni lile povu jeupe la ndani, linafanana na lile linalofungiwa TV mpya dukani. Ubongo wako uko ndani ya fuvu umezungukwa na maji, haujashikiliwa kwa misumari. Ukianguka ukiwa kwa kilomita 40 kwa saa kichwa kinasimama ghafla kwa lami lakini ubongo bado unaendelea na safari, unajigonga kwa mfupa, mishipa inakatika, damu inaanza kujaa mahali ambapo hakuna nafasi. Lile povu linabonyea, na huko kubonyea kunakipa kichwa muda kidogo zaidi wa kusimama, tunaongelea muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini huo ndio unaoamua kama utaamka au hutaamka. Na likishabonyea mara moja halirudi, kwa hiyo helmeti iliyopata ajali kubwa imemaliza kazi yake hata kama kwa nje inang'aa. Mwaka 2008 watafiti walikusanya tafiti zaidi ya 60 kutoka nchi mbalimbali wakakuta helmeti inapunguza hatari ya dereva kufa akianguka kwa karibu asilimia 42, na kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Kwa kitu unachonunua mara moja na kukaa nacho miaka, hiyo si kidogo jamani.

Haya mambo ya helmeti yana historia yake na inaanza na mtu mmoja aliyeanguka Uingereza mwezi wa tano 1935. Ni T. E. Lawrence, yule mwanajeshi maarufu wa vita vya Uarabuni, alikuwa kwa pikipiki akakwepa watoto wawili wa baiskeli, akaanguka, akalala siku sita bila kuamka akafa. Hakuwa na helmeti, siku zile karibu hakuna aliyevaa. Kati ya madaktari waliomhudumia alikuwepo daktari wa upasuaji wa ubongo anaitwa Hugh Cairns, na kile kifo hakikumtoka. Vita vya pili vilipoanza akawa anafuatilia wanajeshi wapeleka barua waliokuwa wakianguka na pikipiki, akaandika matokeo yake 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru wanajeshi wake wa pikipiki wavae. Sasa angalia hapa: mwanajeshi aliamriwa 1941, raia wa kawaida akalazimishwa 1973. Miaka 32! Kwa nini? Kwa sababu mwanajeshi anapewa amri lakini raia unatakiwa kwanza umpe sababu, na watu walibishana wee kwa hoja ile ile ya kijana wangu wa Busia. Hata baada ya sheria kupita, Masingasinga wakasema dini yetu inatutaka tuvae kilemba na helmeti haikai juu ya kilemba, na 1976 wakaruhusiwa kuendesha bila helmeti. Mi naona hiyo ilikuwa busara.

Turudi kwa "nikifa nimekufa mimi". Hapo ndipo natofautiana naye na sitofautiani kwa nadharia.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliendesha boda miaka sita. Usiku mmoja barabara ya kwenda Tororo mbwa akakatiza mbele yake. Hakuwa mbio, helmeti alikuwa nayo, imewekwa pale juu ya tangi la mafuta. Alilala bila fahamu siku kumi na moja. Hospitali za serikali Uganda ziliacha kutoza wagonjwa tangu 2001 kwa hiyo kitanda hatukulipia, lakini mashine ya kupiga picha ya kichwa haikuwepo tukampeleka kwa watu binafsi, dawa zingine tukanunua nje, chakula cha wanaomuuguza, nauli kila siku. Shangazi akauza ng'ombe wawili. Pikipiki ilikuwa ya loni, mwenyewe akaja kuichukua kabla jamaa hajajua hata kuwa ana mkono. Binti yake alikuwa darasa la sita akakaa nyumbani muhula mzima. Na yeye hakufa. Yupo, anatembea, ila maneno yanamchelewa na kelele zikizidi kichwa kinamuuma mpaka analia, mwanaume mzima. Sa niambie hicho kichwa kilikuwa cha nani peke yake?

Hoja hii hii iliwahi kufika mahakamani Marekani. Mwaka 1972 jimbo la Massachusetts mtu alishtaki akisema helmeti ni jambo lake binafsi, majaji wakamjibu kwamba ukishaanguka ni jamii inayokuokota barabarani, inakupeleka hospitali ya umma, inakulipia na inaweza kukulea wewe na familia yako usipoweza tena kufanya kazi. Lakini Wamarekani si watu wa kukubali haraka, 1976 bunge lao likaizuia serikali kuu isiyabane tena majimbo yawe na sheria ya helmeti, majimbo mengi yakalegeza sheria, na vifo vya pikipiki vikapanda.

Kwetu polisi walihesabu zaidi ya watu 5,000 waliokufa barabarani mwaka 2024 peke yake, na watu wa pikipiki ni kati ya makundi yanayokufa zaidi.

Kwa hiyo mi nasimama na sheria ya helmeti, bila kigugumizi. Lakini sitaki mtu achukue hoja yangu akaibeba mpaka mahali sijamtuma, na hapa ndipo naomba tukae kidogo manake usalama ni neno ambalo ukilitamka kila mlango unafunguka.

Mwezi wa sita 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kupigwa risasi na watu waliokuwa kwa pikipiki, Rais alitangaza mipango ya usalama na ndani yake helmeti ikarudi kwa sura nyingine: helmeti zenye namba, zisomeke, pamoja na namba za magari na pikipiki za kielektroniki. Unaona kilichotokea? Helmeti ya 2004 inalinda kichwa chako, ile ya 2018 inakitambua kichwa chako. Kitu ni kile kile, kazi ni mbili tofauti kabisa. Mi sisemi ile ya pili ni mbaya yenyewe kwa yenyewe, watu waliuawa kweli, na mwezi wa sita 2021 Jenerali Katumba Wamala akapigwa risasi na watu wa pikipiki hivyo hivyo, yeye akapona, binti yake na dereva wake wakafa. Hakuna mzazi atakayelisoma hilo akasema hatutaki wauaji wajulikane. Namba mpya zikaanza kufungwa kwa magari ya serikali mwishoni mwa 2023, kwa mkataba na kampuni ya Urusi. Lakini helmeti haiulizi naenda wapi. Namba inayoweza kusema niko wapi inaweza kusema pia nililala wapi, niliswali wapi, nilikwenda mkutano wa nani, kwa hiyo lazima niruhusiwe kuuliza nani anasoma hizo taarifa, anakaa nazo muda gani, na akizitumia vibaya namshtaki wapi. Tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019, sasa itumike hata pale anayeshika taarifa ni serikali yenyewe.

Na kuna kubana ambako kunakula mtu mzima mzima. Wakati wa korona kuanzia mwezi wa tatu 2020 boda zilizuiwa kubeba abiria mpaka Julai 27, miezi minne, waruhusiwe mizigo tu. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, silibishi hilo hata kidogo. Lakini mtu wa boda anakula leo alichopata leo, na helmeti inamgharimu jasho la kichwani wakati lile katazo lilimgharimu sufuria. Huwezi kuyaweka mambo haya mawili kwa mizani moja ukasema yote ni usalama.

Sa mizani ni ipi? Wengi hatujui lakini Uganda tunayo, imeandikwa. Katiba ya 1995 kifungu cha 43 kinasema haki zinaweza kubanwa kwa ajili ya haki za wengine au maslahi ya umma, afu kinaongeza kwamba hayo maslahi ya umma hayaruhusu kubana zaidi ya kile kinachokubalika na kinachoweza kuthibitishwa kuwa cha haki katika jamii huru ya kidemokrasia. Yaani mwenye kubana ndiye wa kuthibitisha, si wewe unayebanwa. Na 2004, mwaka ule ule wa kanuni za helmeti, Mahakama ya Juu ilipofuta lile kosa la kuchapisha habari za uongo kwa kesi ya waandishi Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda ilielekeza hivyo hivyo: haki ndiyo kanuni, kubana ni nadra, na ukibana lengo liwe zito, njia yako ifike kwa hilo lengo, na usikate zaidi ya panapouma.

Ipitishe helmeti hapo, inapita. Ipitishe zile faini za kamera za mwezi wa sita 2025, shilingi 200,000 mpaka 600,000 kwa mwendo kasi, kelele zikapigwa nchi nzima na kabla wiki mbili hazijaisha zikasimamishwa. Lengo lilikuwa zuri, mwendo kasi unaua kweli. Ila huwezi kumtoza mtu laki mbili kwa kibao ambacho hakukiona. Na aliyezisimamisha alikuwa waziri wa ujenzi na uchukuzi wakati huo, huyo huyo Katumba Wamala. Mtu aliyemzika binti yake kwa sababu ya wauaji wa pikipiki, alisikiliza. Mi nilimheshimu siku ile.

Ninachoiomba serikali kwa helmeti si faini kali zaidi. Faini ikiwa inaishia kwa kitu kidogo pembeni ya barabara basi helmeti inakuwa stika ya afande, ndivyo kijana alivyofundishwa. Wadhibiti zile zinazouzwa barabarani ambazo ndani hazina povu, ni plastiki tupu. Na ya abiria nayo wafikirie kiutu, dada aliyetoka kusukwa hawezi kuvaa kitu kilichotoka kwa jasho la watu ishirini, SafeBoda, ile kampuni ya boda za kuita kwa simu, walipoanza Kampala na zile helmeti zao za rangi ya machungwa walikuwa na vikofia vyepesi vya nywele vya kuvaa ndani na watu wakavaa bila kusukumwa.

Binamu yangu siku hizi yuko steji ile ile, anaziba pancha. Vijana wakileta helmeti mpya anaichukua, anaigeuza, anabonyeza ndani kwa kidole gumba, afu anaigonga juu mara mbili akisikiliza. Ikilia kama beseni anairudisha kwa mwenyewe na kutikisa kichwa, maneno bado yanamchelewa. Ikiwa na povu la kweli anamvalisha kijana mwenyewe kwa mikono yake na kumfunga mkanda wa kidevu, klik, ndio anamwachia aende.