Shuka la viraka la kikundi: yanayosemwa na yalivyo

Wanawake wakikaa barazani Shangani au Mikindani wakakubaliana kushona shuka moja la viraka kwa pamoja, maneno ya siku ya kwanza huwa matamu: kila mmoja atashonea kwake, tutakutana kuunga, mbona rahisi. Mengi ya maneno hayo si kweli. Na kazi ikiharibika, mara chache huwa ni uvivu au choyo cha mtu. Huwa ni jambo ambalo hakuna aliyelisema wazi kabla mkasi haujagusa kitambaa.

"Tukipeana kipimo kimoja, miraba yote itatoka sawa"

Hili nitalikalia, maana ndilo linaloharibu mashuka mengi. Tuseme mmekubaliana mraba wa inchi 12 wenye viraka tisa, vitatu kwa vitatu. Kila kiraka kinakatwa inchi nne na nusu kila upande, kwa sababu kwenye kazi hii desturi ni kuacha robo inchi ya mshono. Sasa fundi wa nguo aliyezoea magauni, mkono wake unaacha nusu inchi bila hata kufikiri. Na kwa gauni yuko sahihi, mwenye nguo akinenepa pawe na pa kuachia. Lakini mraba una mishono miwili kutoka upande hadi upande, na kila mshono wake umekula nusu inchi zaidi, robo kwa kila kiraka kati ya viwili unavyounga. Mraba umepungua inchi nzima. Miraba minne ikipangwa kwa upana, safu iliyotakiwa kuwa inchi 48 inakuwa 44, na safu ya chini yake, iliyoshonwa na mwenzake, bado ni 48. Hapo ndipo watu huanza kuvutana na kitambaa, na shuka linatoka na matumbo.

Wasukaji wa mikeka hawahitaji kuelezwa: ukili mpana na ukili mwembamba hauungiki.

Kwa hiyo mtu mmoja akate viraka vyote kwa kiolezo kimoja kigumu. Bati au plastiki ngumu ni bora kuliko katoni, kwa sababu katoni huliwa pembe na kalamu, na kiraka cha arobaini hakilingani tena na cha kwanza. Kila mtu ashone mraba mmoja wa majaribio, upimwe kwa rula, si kwa tepu ya zamani iliyokwisha kuvutika. Kwenye cherehani, bandika kipande cha plasta robo inchi kutoka kwenye sindano, ukingo wa kitambaa ufuate hapo. Mkiona mikono yenu bado inatofautiana, viraka vya pembeni vikatwe vikubwa kidogo, kisha mtu mmoja apunguze miraba yote hadi inchi 12 na nusu kabla ya kuunga.

Wapo wanaoogopa kwamba kubana vipimo kunaua ubunifu. Liangalieni shuka la kumbukumbu ya waliokufa kwa UKIMWI, lililoanzia San Francisco. Oktoba 1987 lilipotandikwa Washington lilikuwa na vipande 1,920. Leo ni kama 50,000, na wameshona humo suruali za marehemu, barua, hata vidoli. Kilichobanwa ni ukubwa tu: kila kipande futi 3 kwa 6, na vinane vinatimiza mraba wa futi 12. Bila kipimo hicho hakuna ambaye angeweza kuviunga.

"Kitambaa ni kitambaa, kila mtu alete masalia aliyonayo"

Masalia ya kwa fundi ni hazina, lakini humo mna pamba, poliesta na mchanganyiko wake, na macho hayatoshi kutofautisha. Chomoa uzi uuchome kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kubaki punje ngumu. Ukizichanganya, pasi ya moto inayoifaa pamba itaikunja poliesta, na mkishafua, pamba inarudi ndani huku poliesta ikibaki pale pale.

Khanga na vitenge vipya vifuliwe kabla ya kukatwa. Ile gamu ya dukani inafanya kitambaa kionekane kizito na kilichonyooka. Ikitoka ndipo unajua umenunua nini. Halafu kuna habari ya chumvi. Karibu kila kikundi kina mtu wa kusema loweka kwenye chumvi, rangi haitachuja. Chumvi ina kazi kiwandani, wakati wa kutia rangi, kuisukuma iingie kwenye nyuzi. Kitambaa kikishafika dukani, chumvi haifungi rangi iliyobaki juu. Siki nayo husaidia rangi za sufu na hariri, si za pamba. Dawa ni kufua peke yake, mara mbili tatu, hadi maji yatoke meupe. Ukitaka uhakika, sugua kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake uone kama kitashika rangi.

(Na mkikata khanga, angalieni jina. Likikatwa katikati linaweza kusema jambo ambalo hakuna aliyelikusudia, na shuka likienda kwa wakwe mtakuja kuulizwa.)

"Bila pamba nene katikati si shuka la viraka"

Kwa joto la Lindi mwezi wa Desemba, shuka nene litaishia kabatini, na unyevu wa pwani utalitia kuvu humo humo. Bengal, eneo la India na Bangladesh, wana kazi yao iitwayo kantha: sari kuukuu zinapangwa moja juu ya nyingine na kushonwa kwa mkono kwa mishono midogo iliyonyooka, bila pamba ya kujazia. Shuka jepesi la zamani au khanga iliyochakaa ikikaa katikati inatosha kabisa. Tena pamba ya kujazia isiposhonwa kwa karibu hujikusanya mafungumafungu ikifuliwa.

Upande wa chini hauna hesabu ngumu. Khanga moja ni takriban sentimita 150 kwa 110. Doti moja ikikatwa na kuungwa kwa upande mrefu inatoa kama 150 kwa 220, na inafunika shuka la miraba 24, nne kwa sita, ikibaki ziada kila upande. Msiikate sawasawa na shuka. Kitambaa hutembea wakati wa kushona, kwa hiyo kwanza pigeni bandi, yaani mishono mirefu ya muda, tabaka zote tatu kutoka katikati kwenda nje.

"Hii ni kazi ya Wazungu"

Si kweli, na kwetu sisi ni karibu kinyume chake. Huko Karnataka, India, kuna Wasiddi, watu ambao wazee wao walisafirishwa kutoka Afrika Mashariki na Msumbiji, wengi kupitia Goa ilipokuwa chini ya Wareno. Wanawake wao wanashona mashuka ya viraka yanayoitwa kawandi kutokana na nguo kuukuu. Wanaanzia pembeni, wanazunguka mpaka wanakutana katikati, na kwenye pembe wanaongeza vitambaa vilivyokunjwa viitwavyo phula. Msumbiji ni ng'ambo ya Ruvuma tu.

"Asiyejua kushona hana nafasi, na fundi ndiye aongoze"

Kukata, kupiga pasi, kupanga rangi sakafuni, kushika daftari: yote ni kazi. Fundi mzuri mara nyingi ni kiongozi mbaya, kwa sababu mraba uliopinda anaufumua na kuushona upya mwenyewe, kimyakimya, na mwenye mraba hajifunzi. Aongoze anayekumbuka nani kachukua nini.

"Miezi miwili inatosha"

Inategemea mmeanza lini. Korosho zikianza kuokotwa na minada ikafunguliwa, usimtegemee mtu. Miezi ya unyago ni hivyo hivyo.

"Nani atalichukua, tutajua mbele ya safari"

Mbele ya safari ndiko wanakogombana. Kama shuka ni zawadi ya harusi au la kuuzwa, liandikwe hivyo daftarini siku ya kwanza, pamoja na nani kanunua uzi na doti ya chini. Kama kila mmoja anataka lake, fanyeni kama mchezo wa fedha: kila mwezi wote wanamshonea mmoja miraba kwa rangi alizochagua, na kuunga anaunga mwenyewe. Hatari ni ile ile ya mchezo wowote, aliyepokea mapema kupotea. Mgeni wa kikundi apangwe mwisho, kiongozi asiwe wa kwanza, na atakayehama au kujifungua katikati ya zamu atoe miraba yake yote kabla hajapokea ya wenzake.